Nakimbia mara nne kwa wiki, lakini njaa inanirudishia kilo

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Dar es Salaam, kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Miezi minne iliyopita nilikuwa na kilo 85, nikajiunga na kikundi cha mbio hapa mtaani. Nakimbia mara nne kwa wiki, kilomita 5 kila mara, alfajiri kabla ya kazi, na Jumapili tunakimbia wote halafu tunakula pamoja. Mwezi wa kwanza nilipungua kilo 3, nikafurahi kweli. Tangu hapo njaa imenishika kama mtu mwenye minyoo. Cha ajabu, nikirudi kutoka kukimbia wala sisikii njaa; nakunywa maji, naoga, nawahi daladala. Saa nne ofisini ndiyo tumbo linaanza kunguruma, nakula chapati 2 na chai ya maziwa vikombe 2. Mchana najibana, nakula kipande cha tikiti tu. Usiku sasa siwezi kujizuia: nakula changu, namalizia cha watoto, na saa nne nimesimama mbele ya friji na mkate na siagi ya karanga. Nalala saa sita, naamka saa kumi na nusu. Mizani sasa inasoma 83 na nusu. Wenzangu wananiambia mkimbiaji lazima ale, mbona Wakenya wanakula ugali mlima? Je, niache kukimbia? Au ninunue ile chai ya kupunguza uzito wanayouza mtandaoni?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kukimbia usiache, na hiyo chai usiinunue. Nitaieleza huko mbele. Kwanza nikushukuru kwa kuandika mpaka saa unazokula na unazolala. Watu wengi huniambia tu "nina njaa sana", nami nabaki kubahatisha. Wewe umeniletea siku nzima, na jibu limo humo humo ndani yake.

Umeandika kwa kupita tu: "Mchana najibana, nakula kipande cha tikiti tu." Kwangu mimi huo ndio moyo wa barua yako. Ukiunganisha na ile asubuhi ya maji matupu, unapata mtu aliyeamka saa kumi na nusu, akakimbia kilomita 5, akafanya kazi mpaka jioni, na chakula pekee cha maana alichokula kutwa ni chapati na chai. Huyo akifika nyumbani saa moja usiku, simshangai kumaliza sufuria. Umeiita njaa yako udhaifu wa kushindwa kujizuia. Mimi naiita deni. Mwili umekukopesha tangu alfajiri, na usiku unakuja kudai.

Nianze na hilo la kutosikia njaa ukitoka kukimbia, maana linawapotosha wengi. Tumboni kunatengenezwa homoni iitwayo ghrelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Kijapani mwaka 1999. Kazi yake mojawapo ni kuuambia ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Mtu akikimbia kwa nguvu, ghrelini hushuka, na homoni za utumbo zinazoleta shibe hupanda. Kwa hiyo kwa muda wa kama saa moja hivi unajiona huhitaji chakula. Ni utulivu wa muda tu. Misuli imetumia akiba yake ya wanga, na inataka irudishiwe. Wewe unaupokea ule utulivu kama ruhusa ya kutokula, unapanda daladala, na saa nne asubuhi kila kitu kinakugeukia kwa pamoja ukiwa mbele ya mtu anayeuza chapati za moto. Hapo hata mimi ningekula mbili.

Kuna homoni nyingine, leptini, iliyojulikana mwaka 1994. Hii hutoka kwenye mafuta ya mwili yenyewe. Mafuta yakipungua, na hasa mtu akijibana chakula, leptini hushuka na ubongo husoma kwamba kuna ukame unakuja. Ndiyo maana mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri na wa pili njaa ikapanda: ulipungua kilo 3 kwa wiki nne, na mwili ukashtuka. Hujakosea chochote kimaumbile. Mwili wako unafanya kazi yake ya kukulinda.

Sasa tuhesabu, maana hapa ndipo kikundi chenu kinapowadanganya bila nia mbaya. Mtu akikimbia hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kwa uzito wako, kilomita 5 ni kalori kama 415. Ondoa zile ambazo ungetumia hata kama ungekaa kitini dakika hizo hizo, zinabaki 350 au zaidi kidogo. Mara nne kwa wiki ni 1,400. Zigawe kwa siku saba: kalori 200 kwa siku. Soda moja ya nusu lita ina kalori kama 210. Nakuambia hivi si kukukatisha tamaa. Kukimbia kunakupa moyo wenye afya, shinikizo la damu lililotulia na akili iliyopumzika, na hayo yana thamani hata kama mizani haisogei. Lakini ukidhani mbio zimekununulia haki ya kula mlima, hesabu hiyo haitafungana kamwe.

Juzi nilipima chapati jikoni kwangu nikiwa na barua yako mkononi. Donge moja la ukubwa wa chapati za mgahawani lilikula unga gramu 70, hiyo ni kalori kama 250. Mafuta niliyopaka wakati wa kukunja na kukaangia yalifika vijiko viwili vya chai, kalori kama 80. Jumla 330 kwa chapati moja, na mimi mkono wangu wa mafuta ni mwepesi. Kikombe cha chai ya maziwa chenye sukari vijiko vitatu kinakaribia 130. Kwa hiyo chapati zako 2 na vikombe 2 ni zaidi ya 900, zinaliwa kwa dakika kumi, na saa saba tumbo limeshasahau. Na ule mkate wa usiku: slesi 2 zenye siagi ya karanga vijiko viwili vya chakula ni kama 340. Hizo ni mbio zako zote za asubuhi, zimerudi kwa kusimama mbele ya friji.

Tena mwili una ujanja wake. Mwaka 2012 mtafiti wa Kimarekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo walivyochukua hapa hapa kwetu, kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Wanaume wale hutembea kama kilomita 11 kwa siku wakiwinda na kurina asali, wanawake karibu kilomita 6 wakichimba mizizi. Ungetegemea watumie nguvu nyingi kuliko Mmarekani anayekaa ofisini. Baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, jumla ya nguvu walizotumia kwa siku ilikuwa karibu sawa. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mtu akizidisha mwendo, mwili hubana matumizi mahali pengine. Kwa mtu kama wewe naona sehemu ya hilo kwa macho: anayekimbia alfajiri mara nyingi siku nzima hanyanyuki kitini, na jioni anapanda bodaboda mahali alipokuwa akitembea. Jichunguze hapo.

Kuhusu Wakenya. Mwaka 2004 kulichapishwa utafiti wa wakimbiaji 10 wa Kikalenjin wa kiwango cha juu, waliopimiwa kila walichokula kwa siku saba. Robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, mkate, uji, na chai yenye sukari nyingi. Wenzako wako sahihi mpaka hapo. Lakini wale ni watu wa chini ya kilo 60 wanaokimbia zaidi ya mara moja kwa siku, na hata hivyo walikula wastani wa kalori karibu 3,000, pungufu ya zile walizotumia. Ugali wao ni mafuta ya gari linalokwenda safari ndefu kila siku. Wewe unakwenda kilomita 5 na unataka kupungua. Sahani yao haiwezi kuwa yako.

Basi tufanyeje? Mtu wa umri wako na uzito wako, mwenye kazi ya kukaa, hutumia kalori kama 2,100 kwa siku kabla ya kuhesabu mbio. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunataka upungufu wa kama 550 kwa siku. Mbio zimeshakupa 200. Kilichobaki ni 300 hadi 350 kutoka kwenye sahani, basi. Hakuna haja ya kukosa chakula cha mchana. Usishuke chini ya 1,600 kwa siku. Ukishuka, usiku utalipa tena.

Kitu cha kwanza nataka ubadilishe ni asubuhi, na hiki kina uzito kuliko vyote nitakavyosema. Kula ndani ya saa moja baada ya kukimbia, hata kama husikii njaa. Najua muda ni mfinyu, kwa hiyo andaa usiku: chemsha mayai 2, chemsha viazi vitamu vya kutosha siku mbili tatu, weka maharage kidogo kwenye kibakuli. Mayai 2, viazi vitamu gramu 200, maharage nusu kikombe, kipande cha papai na chai ya maziwa yenye sukari kijiko kimoja: hiyo ni kalori kama 600 na protini karibu gramu 30. Linganisha na zile 900 za saa nne. Sahani hii ni kubwa kwa macho, inatafunwa, inakaa tumboni. Kama huwezi kula nyumbani, beba. Kula kwenye meza yako ofisini kabla hujawasha kompyuta.

Kwa nini viazi vya kuchemsha, tena kwa mtu anayepungua? Kwa sababu watu wameviogopa bure. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38 kimoja kimoja, kila kimoja kwa kipimo kile kile cha nguvu, kisha wakawauliza kwa saa mbili wanajisikiaje. Kilichoshibisha kuliko vyote kilikuwa viazi mviringo vya kuchemsha: zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Samaki na uji wa oti (oats) vilikuwa juu pia. Vitu vyenye siagi na unga mweupe vilikuwa mkiani. Viazi hivyo hivyo ukivitumbukiza kwenye mafuta vikawa chipsi, habari inabadilika kabisa. Kinachoshibisha ni maji, nyuzinyuzi, protini na ukubwa wa chakula chenyewe. Magimbi, ndizi za kuchemsha, mihogo ya kuchemsha isiyo na nazi nzito, vyote tembea navyo kwa amani.

Mchana, liache lile tikiti liwe kitafunwa. Nenda kwa mama ntilie kama wenzako. Mwambie akupunguzie wali nusu, akuongezee maharage na mchicha, na kama kuna dagaa au samaki wa mchuzi, chukua. Hatakushangaa, wateja wa namna hiyo anao. Protini ndiyo inayozuia njaa kwa muda mrefu na kulinda misuli yako wakati kilo zinashuka, kwa hiyo kwa siku nzima lenga gramu 100 hivi. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 22, kikombe cha maziwa au mtindi gramu 8. Huhitaji unga wa makopo kufika hapo.

Halafu kuna saa kumi jioni. Hii wengi huiruka. Kabla hujaingia kwenye foleni ya daladala, kula kitu kidogo. Pale kituoni kuna kijana ana trei ya mayai ya kuchemsha, anakupasulia moja na kukuwekea kachumbari na pilipili. Mnunulie. Au ndizi moja na karanga za kujaa kiganja, siyo mfuko mzima. Kalori 80 hadi 250 za saa kumi zinakuokoa na 600 za saa tatu usiku, kwa sababu utafika nyumbani ukiwa mtu anayepakua chakula, siyo mtu anayelamba mwiko huku anapika. Nusu ya sahani ya usiku iwe mboga za majani, ugali uwe ukubwa wa ngumi yako, na vya watoto vifunikwe viliwe kesho. Najua tumelelewa kwamba chakula hakitupwi. Kuweka kwenye friji siyo kutupa.

Ukishakula mchana na saa kumi, ile njaa ya saa nne usiku itapungua yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Ikibaki, nitaishuku saa yako ya kulala. Unalala saa sita na kuamka saa kumi na nusu: saa nne na nusu za usingizi. Mtu asiyelala vya kutosha husikia njaa zaidi, na hutamani hasa vitamu na vyenye mafuta. Nakuomba kwa dhati, usiku wa kuamkia siku za kukimbia uwe kitandani saa nne na nusu. Ikishindikana kabisa, kimbia mara tatu badala ya nne na ile alfajiri ya nne lala. Usingizi huo unaweza kukusaidia kuliko kilomita hizo 5.

Jumapili mnapokula pamoja usijitenge, maana kikundi ndicho kinachokuamsha alfajiri nyingine tatu. Kunywa supu, kula nyama yake, chapati iwe moja, na badala ya soda kunywa maji au dafu. Juisi ya miwa watu huihesabu kama maji kwa kuwa ni ya asili. Ni sukari tupu, hata ikitiwa ndimu na tangawizi.

Mizani nayo usiiamini peke yake. Misuli ya mtu anayekimbia huweka akiba ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo hushika kama gramu 3 za maji. Sehemu ya hiyo kilo moja na nusu iliyorudi inaweza kuwa hayo maji. Chukua futi ya fundi cherehani, jipime kiuno usawa wa kitovu kila Jumamosi asubuhi kabla ya kula, uandike. Andika pia siku za hedhi: wiki inayotangulia, wanawake wengi husikia njaa zaidi na hujaa maji. Usijipe adhabu kwa wiki hiyo.

Ile chai sasa. Nyingi ya chai hizo zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unaharisha maji, mizani inashuka, mafuta yako palepale, na ukikimbia kwenye joto la Dar ukiwa umeharisha unaweza kuanguka. Vidonge na unga wa kuzuia njaa unaouzwa bila maelezo ni hatari zaidi: katika bidhaa za namna hiyo imewahi kukutwa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo na mishipa. Hiyo pesa nunulia samaki.

Kabla ya yote haya, nenda kituo cha afya upime sukari, na kama kuna uwezekano wa mimba pima pia. Njaa isiyokoma ikiambatana na kiu kali na kukojoa mara kwa mara inaweza kuwa kisukari. Ikiambatana na mapigo ya kasi, mikono kutetemeka na kukonda ghafla, waombe wapime tezi ya shingo. Na minyoo uliyoitaja kwa utani, pima choo, ni kipimo cha bei ndogo. Kama unatumia dawa za kisukari, usibadilishe chakula wala mbio bila kumwona daktari wako, maana sukari inaweza kushuka ukiwa barabarani. Na hedhi ikikatika baada ya kuongeza mbio, punguza mwendo, ongeza chakula, umwone daktari.

Wiki mbili za kwanza fanya mawili tu: kifungua kinywa ndani ya saa moja, na chakula cha mchana cha kweli. Usiguse kingine. Wiki ya tatu ongeza yai la saa kumi na usingizi. Kisha niandikie tena, uniambie kiuno kimesoma ngapi, na saa nne asubuhi ulipopita pale kwa muuza chapati ulijisikiaje.